Solo ya Nyuzi Tano

Siku simu yangu ilipolia saa nane mchana, kaka yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano kaburini.

Lakini aliyekuwa anapiga gitaa ndani ya simu ile alikuwa yeye.

Najua unachowaza. Hata mimi ningelisoma jambo hili kwa mtu mwingine ningesema huyu dada akapumzike kidogo. Basi kaa, nikusimulie tangu mwanzo, halafu utaamua mwenyewe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Binti yangu ana miaka miwili, na kwa namna anavyotoa amri ndani ya chumba chetu, namwita Bosi.

Baba yake alikwenda mbali kutafuta maisha. Akayapata, akabaki nayo.

Asubuhi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka, taulo, foronya. Saa saba namchukua Bosi kwa mama anayetulelea watoto. Saa nane analala, na kuanzia hapo mpaka saa tisa na nusu dunia yote inabaki mimi na ukuta.

Watu husema upweke ni wa usiku. Mimi wangu ulikuwa na saa yake kamili: saa nane mchana. Jua kali nje, majirani wote kazini, na bomba la uani linadondosha tone moja moja kama linakuhesabia umri.

Saa hiyo ndiyo nilianza kurekodi ule wimbo.

Ni wimbo wa hevi metal wa zamani, wa enzi za kanda. Dakika sita na nusu. Magitaa yananguruma, mwimbaji anapiga kelele kama kafungiwa stoo, halafu katikati kila kitu kinapisha na gitaa moja linalia peke yake sekunde arobaini. Hiyo ndiyo solo.

Ulikuwa wimbo wa kaka.

Kaka alinizidi miaka tisa. Alikuwa fundi umeme, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini akishika gitaa, paka walihama.

Mama alimwita Mabati. Alisema muziki ule ni kelele za mabati yanayoburutwa barabarani, na mwenye kuupiga apewe jina linalomstahili. Mtaa mzima ukalidaka. Mpaka kwenye mazishi kuna watu walimlilia kwa jina hilo.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mbao, kuukuu, na lilikuwa na nyuzi tano.

Gitaa kamili lina sita. Letu, kile kichwa cha kukazia uzi mwembamba kuliko wote kilivunjika kabla sijapata akili, na hakuna aliyejisumbua kukitengeneza. Kwa hiyo kwenye ile solo, pale gitaa linapopanda juu kabisa kwenye uzi mwembamba na kulia, kaka hakuwa na uzi wa kulilia.

Alifanya hivi: aliteleza kwa kidole kwenye uzi wa pili mpaka chini karibu na tundu, akauvuta pembeni ukalalamika, kisha akapiga ubao wa gitaa kwa kiganja mara mbili. Pa, pa. Kuziba pengo.

Mwenye wimbo wake hakupiga hivyo. Duniani kote aliyepiga hivyo ni kaka yangu, na yule aliyemfundisha.

Na aliyemfundisha, nilijua tangu utotoni, ni baba.

Baba aliondoka nikiwa na miaka mitatu. Aliacha kofia, koti na gitaa. Koti lilikuwa la baba, kofia ilikuwa ya baba, basi na gitaa ni la baba. Niliwahi kumuuliza mama nikiwa mdogo. Mama, fundi cherehani, mtu wa maneno machache kama risiti, akaniambia nimalize chakula.

Kuhusu baba alikuwa na sentensi moja tu. Alituambia miaka yote, kila mmoja wetu alipoacha kazi nusu. Alisema, "Msiwe kama baba yenu, alishindwa hata kufunga kamba za viatu vyake."

Basi.

Kaka aliugua siku nne tu. Bosi alikuwa mchanga, nikawa nakwenda mchana na kurudi. Siku ya tano sikukuta mgonjwa.

Mazishi yalipokwisha, mama alinikabidhi gitaa mlangoni, limefungwa kwenye shuka. Akasema nilichukue, hataki kuliona, na nikilipiga nisilipige akiwa karibu.

Tangu hapo mimi na mama tukawa watu wa Jumamosi. Napiga simu, dakika mbili. Mtoto amekula? Amekula. Kikohozi? Kimeisha. Haya. Haya. Tunakata.

Nyumba mbili, kila moja ina mwanamke mmoja anayeukodolea ukuta, na kati yetu mwendo wa saa moja tu.

Sasa, kurekodi.

Kompyuta nilijifunza kwenye masomo ya jioni, yale niliyosoma kumalizia shule baada ya ujauzito. Mwalimu wetu alikuwa akisema mtu hakosi vifaa, hukosa macho. Nikafungua macho.

Ngoma niliipata kazini. Mashine namba nne ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila ikikamua ilijipigapiga sakafuni: du-du-ka, du-du-ka. Karibu sawasawa na ule wimbo. Nikaweka simu juu yake, nikarekodi dakika saba.

Msimamizi wetu, tunayemwita Kamanda, akanikuta nimeinamia mashine. Akauliza kuna nini. Nikadanganya kwamba nasikiliza hitilafu.

Kumbe nimejichongea. Siku hiyo hiyo akamwita fundi, na fundi akaukaza ule mguu. Mpaka leo namba nne inakamua kimya kama mtoto mwenye adabu. Mpiga ngoma wangu alikufa ameshanirekodia.

Studio ilikuwa kabati la nguo. Nilitoa rafu moja, nikatundika blanketi, nikakaa ndani na gitaa, mlango nusu wazi ili nimwone Bosi kitandani. Kwenye simu kuna programu inayofanya gitaa la mbao lingurume kama la umeme. Nikapiga yale ya chini, ambayo kaka alinifundisha.

Tatizo likawa sauti. Wimbo unataka kelele, na Bosi amelala hatua tatu kutoka hapo.

Ndipo nikapiga kelele kwa kunong'ona. Mishipa ya shingo imesimama, macho nimefumba, mdomo kwenye koti la baridi, na sauti inayotoka haiwezi kumwamsha inzi. Niliporudia kuisikiliza ilikuwa kama mtu anayelia chini ya maji.

Nikasema hii hii.

Ikabaki solo.

Wiki tatu nilihangaika nayo. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Kaka hakuwahi kunifundisha ile sehemu. Kila nilipomwomba alicheka, akasema ile si yake kuigawa. Kazini nikawa nashika mashuka kwa viganja kama mgonjwa, Kamanda akaniuliza kama nimeungua.

Siku moja nikaweka gitaa chini. Nikaamua pale mahali niache kama palivyo. Sekunde arobaini, mashine namba nne inajipiga peke yake, du-du-ka, halafu mimi narudi kwenye kiitikio.

Nikauposti. Chini nikaandika: Nafasi hii ni ya kaka yangu. Hayupo.

Sitakudanganya, kuna kitu nilikuwa natarajia. Sikujua ni nini. Labda mtu mmoja tu aseme nimekusikia.

Walionisikia walikuwa mia mbili na kitu. Mmoja akauliza, dada, gitaa limekwenda msalani? Mwingine akasema huu ni wimbo wa mtu aliyejificha kwa wenye deni. Nikacheka nao. Yule mfuasi wangu namba moja, asiye na picha wala jina, herufi na tarakimu tu, ambaye hupenda kila ninachoweka mpaka picha za viatu vya Bosi, safari hii hakugusa kitu. Siku zote nilidhani ni roboti. Nikasema hata roboti kanikimbia.

Siku ya tisa, saa nane mchana, simu ikalia.

Ule mtandao una mahali ambapo mtu anaweza kurekodi juu ya video yako, mkatokea pamoja, kila mtu na upande wake. Yule asiye na picha alikuwa amerekodi juu ya yangu.

Upande wangu, mimi ndani ya kabati. Upande wake mweusi tii, kama simu imelazwa kifudifudi mezani.

Dakika tatu nzima hakupiga kitu. Kisha ikafika nafasi.

Gitaa likaingia taratibu, kama mtu anayeingia chumbani kwa mgonjwa. Likapanda. Likafika pale pa kulia, likateleza mpaka chini kwenye uzi wa pili, likalalamika.

Pa, pa.

Nikairudisha mwanzo.

Nilisikiliza mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Bosi akaamka, akashuka kitandani, akaanza kucheza huku amevaa soksi moja. Yeye hakumjua mjomba wake. Kwake ulikuwa muziki tu.

Nilipotulia nikajilazimisha kufikiri, kama tulivyofundishwa.

Ingeweza kuwa rekodi ya zamani ya kaka? Hapana. Mashine namba nne ina mahali inajikwaa, mpigo mmoja unachelewa. Na gitaa lilichelewa nalo pale pale. Aliyepiga alikuwa anaisikiliza mashine yangu. Alikuwa hai, na masikio yake yalikuwa hai.

Na nyuzi zake zilikuwa tano.

Basi amebaki mmoja.

Baba.

Sijui nikuelezee vipi. Miaka ishirini na kitu nilijiambia simhitaji. Mchana ule nikagundua nimekaa kama mtoto wa kituoni anayetazama kila gari. Nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikatuma maneno matano.

"Shikamoo. Samahani, wewe ni baba?"

Alama ya kusomwa ikatokea palepale.

Jibu, kimya.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nilikunja mashuka, simu ipo mfukoni mwa aproni, kila ikitikisika naacha shuka nusu. Ya tatu nikaanza kumtetea: labda ana aibu, labda haoni vizuri, labda anatafuta maneno. Ajabu ya mtu mpweke ni hiyo, hata anayemnyima maneno humtungia sababu.

Ya nne ilikuwa Jumamosi. Nikampigia mama.

Mtoto amekula? Amekula. Kikohozi? Hakuna. Na kabla hajasema haya, nikamuuliza kama baba bado yuko hai.

Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama.

Akauliza kwa nini. Nikasema nimeuliza tu. Akasema nguo ya mteja inaungua na pasi, tutaongea.

Nusu saa baadaye, ujumbe ukaingia kutoka kwa yule asiye na picha.

Niliusoma nimesimama. Nikaketi.

"Baba yako alishindwa hata kufunga kamba za viatu vyake. Solo hiyo angeiweza?"

Kuna maneno hayahitaji sahihi.

Kesho yake nikambeba Bosi, nikaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Mama yuko kwenye cherehani, miwani puani, hakuinua kichwa. Nikamwamkia. Akaitikia. Bosi akajiendea kwenye kopo la vifungo, kama kawaida yake.

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Mama akaniwahi.

"Uliingia mapema kwenye kiitikio cha pili," akasema. "Ulikuwa umeogopa."

Nikaangalia mikono yake. Maisha yangu yote nilijua ncha za vidole vyake vya kushoto ni ngumu kama ukucha. Sisi wote tulisema ni sindano. Lakini mama anashona kwa mkono wa kulia. Sindano inaishi kulia.

Mtu anaweza kulelewa na mikono asiitazame hata siku moja.

Kisha akaongea. Nadhani aliongea kuliko miaka kumi iliyopita ukiijumlisha, na muda wote aliendelea kushona, kana kwamba anayeongea ni cherehani.

Alisema alipokuwa msichana alifanya kazi kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa na bendi. Fundi mmoja wa mitambo alileta kanda ya huo wimbo kutoka safarini. Wanaume wa bendi wakasema solo ile haipigiki. Yeye aliondoka na kanda, akarudi baada ya mwezi, akaipiga.

Gitaa lilikuwa lake. Alilinunua kabla hajaolewa.

Baba hakupenda. Alisema mke wa mtu hashiki gitaa mbele za watu. Siku moja walibishana, akalitupa ukutani, kile kichwa kikavunjika. Baba alipoondoka mama hakukitengeneza. Alijifunza upya na nyuzi tano, mchana, madirisha yamefungwa, mimi nikiwa shule ya awali. Kaka akamfuma. Ndipo mama akamfundisha, kwa sharti moja: asiseme.

Nikamuuliza kwa nini aliniacha niamini ni gitaa la baba.

Mguu wake ukatulia kwenye cherehani.

"Uliniuliza ukiwa na miaka sita, umelikumbatia," akasema. "Ulikuwa huna kitu kingine cha kumpendea. Nikasema hiki kimoja nimwachie."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

Halafu akaniambia lile lililomfunga mdomo.

Siku ya tatu ya ugonjwa, kaka hakuweza kushika gitaa. Akamwomba mama ampigie ile solo, basi, ile tu. Lakini nyumba ilikuwa imejaa majirani waliokuja kumjulia hali. Mama akawatazama wale kina mama wamekaa kwenye mkeka, akaona haya. Miaka yote amewaambia ni kelele za mabati.

"Nikamwambia kesho, mwanangu," akasema. "Kesho watu wakiondoka."

Kesho yake watu waliongezeka.

Aliposikia wimbo wangu, akafika kwenye zile sekunde arobaini, alisema aliona kama kaka amemwomba tena. Siku nane alikaa nazo. Ya tisa akainuka.

Nilimshika mkono wa kushoto. Tulikaa hivyo. Ukuta ulikuwa ule ule, ila sasa tuliutazama wawili.

Ndipo nikakumbuka. Gitaa liko kwangu, ndani ya kabati. Yeye alipigia nini?

Akaondoa kitambaa kilichofunika kitu pembeni ya cherehani. Gitaa jipya, bado linanuka vanishi. Vichwa vyote sita vizima.

Na nyuzi tano.

Akaona ninavyotazama, akajitetea kwamba ule wa sita ulikuwa unamchanganya, mikono imeshazoea. Wakati huo Bosi alikuwa amemwaga vifungo vyote sakafuni, na katikati yake, umeviringwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa kushonea, ukalala uzi mwembamba wa gitaa.

Siku hizi Jumapili tunarekodi. Mama ni mkali kuliko Kamanda. Ananifundisha ile solo, na nikikosea hasemi kitu, anakohoa.

Tumeurudia wimbo wote. Solo ipo. Ngoma ni namba nne, Mungu aurehemu mguu wake. Lakini mwisho kabisa, pale ambapo kaka alikuwa akiitikia sauti ya pili, tumepaacha wazi. Nilitaka kujaribu. Mama akatikisa kichwa. Akasema pengo hilo lina mwenyewe, tusimkalie kwenye kiti chake.

Nyie mliosoma mpaka hapa, nina moja tu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimeusikia mshindo wenyewe, ulikuwa pa, pa, kwenye ubao wa gitaa. Mtu wako anayekujibu kwa sentensi mbili kila Jumamosi, usidhani hana la tatu. Muulize. Na kama kuna mtu amekuomba kitu leo, usione haya ya walioketi mkekani.

Mpigie leo hii.